Betri ya Reinier

Umeme ulikuwa umekatika tena mjini Holguín. Odalmis alikoroga maharage meusi jikoni, jicho lake moja likiwa kwenye simu. Chaji ilikuwa inakwisha. Binti yao Yanelis alikuwa mbali, Montevideo, na mimba yake ilikuwa imetimia.

"Akijifungua tutajuaje?" aliuliza.

"Na mimi nipo kwa kazi gani?" mumewe Reinier alijibu.

Reinier alikuwa fundi wa kujifundisha. Feni yao aliiunda kwa mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Sasa alikusanya seli, zile betri ndogondogo, kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, akaziunganisha zikawa betri moja. Umeme uliporudi, aliichomeka na kuiweka kitandani, akatoka kwenda kutafuta waya.

Odalmis alipoingia chumbani kuchukua shuka, alisikia harufu kali. Seli moja ilikuwa inatoa moshi.

"Migdalia! Njoo, jirani!"

Migdalia, fundi simu wa nyumba ya pili, alikuja mbio.

"Chomoa ukutani! Usiiguse betri!"

Odalmis alichomoa. Migdalia aliizoa betri kwa sepetu ya mkaa, akaitupa uani kwenye saruji. Hapo hapo ikalipuka moto. Reinier aliyekuwa akirudi alisimama mlangoni, waya mkononi.

"Pale kitandani nalala mimi, baba Yanelis," Odalmis alisema.

"Nisamehe, mke wangu. Sitatengeneza tena."

"Utatengeneza," Migdalia alisema. "Ila vizuri. Umechanganya seli nzima na mbovu. Pima kila moja. Iliyovimba au kutoboka, usiitumie kabisa."

"Na ikishajaa chaji?"

"Ndiyo maana unaweka kibao cha ulinzi. Betri ikijaa, chenyewe kinakata umeme. Weka na fyuzi. Halafu chajia sakafuni, mbali na nguo, na mtu awe macho."

"Kitandani je?" Odalmis aliuliza, akimkazia mumewe macho.

"Kitandani tunalala sisi tu," Reinier alijibu upesi.

Walitengeneza nyingine pamoja, Migdalia akipima, Reinier akiunga. Ilipokuwa ikichajiwa, Odalmis alikuwa akiigusa kila mara. Haikupata joto.

Jumapili mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Simu ya Odalmis, iliyojaa chaji ya betri ile, ikalia. Yanelis alionekana kwenye kioo cha simu, amechoka, anatabasamu, kifuani amelaza kitoto chekundu.

"Mama, baba, mjukuu wenu huyu."

Reinier alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. "Amefanana na mimi!"

"Maskini mtoto," Odalmis alisema, akicheka huku machozi yakimtiririka. "Hebu sogea, na mimi nimwone."