Mapazia ya Deventer

Hebu niambie ukweli: umewahi kusimama barabarani ukachungulia sebule ya watu usiowajua, wenyewe wako mezani wanakula, na usione haya?

Kama umewahi kuishi Uholanzi, jibu ni ndiyo, na usinidanganye. Kule watu hawafungi mapazia. Giza linaingia, taa zinawashwa, na nyumba inabaki wazi kama duka: kochi, paka, baba na gazeti lake, viazi vinafuka mvuke. Pazia likifungwa mapema, majirani wanajiuliza ni nani aliyefariki humo ndani.

Wietske Hoekstra alikulia katika nyumba kama hizo. Alikuwa na miaka hamsini na moja, kazi yake kuuza matangi ya kupozea maziwa, na jioni ile ya Januari, mjini Deventer, miguu ilikuwa inawaka moto. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye maonyesho ya wafugaji akimsikiliza mkurugenzi wake akiliita tangi "suluhisho". Tangi ni tangi. Alichotaka ni supu na kitanda.

Ila alikuwa na kazi moja ambayo haikuwa ya kampuni.

Mwaka mmoja kabla, wakati wa maonyesho hayohayo, mfanyakazi mwenzake, Harm, alitoka usiku kwenye nyumba yao ya wageni, karibu na mto, kwenda kuvuta sigara. Asubuhi alikutwa ndani ya mto IJssel, chini ya ngazi za gati. Hakuna aliyeona wala kusikia kitu. Mkewe, Baukje, hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kumpigia Wietske simu kila Jumapili na kumuuliza swali lilelile: alijitupa, au aliteleza? Maana Harm alikuwa na huzuni zake, na vidonge vyake. Binti yao alikwisha kuamua kwamba baba aliwakimbia, na sasa hataki hata jina lake litajwe mezani.

"Pita tu pale alipopita," Baukje alikuwa amemwomba. "Labda wewe utaona kitu. Mimi silali, Wietske. Silali kabisa."

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni alivaa koti. Mlangoni akakutana na Ludo, muuzaji mwenzake.

"Unakwenda wapi na hayo mabuti?"

"Kuutazama mji."

"Mji si uliuona mwaka jana?"

"Mwaka jana niliona matangi."

"Basi nakuja. Nikibaki hapa bosi atanieleza tena mustakabali wa maziwa."

Ludo alikuwa mtu wa Maastricht, kusini kabisa, mcheshi, mwenye magoti mabovu. Pamoja na magoti hayo, safari hii aliomba chumba cha ghorofa ya juu. Wietske aliliona hilo tangu siku ya kwanza. Hakuuliza. Alikuwa amechoka, na maswali nayo yana uzito wake.

Walikatiza uwanja wa soko. Kwenye ukuta wa jengo la mizani ya zamani lilining'inia sufuria kubwa la shaba, ambamo wenyeji husema zamani alichemshwa mtu aliyeghushi sarafu.

"Maskini," alisema Ludo. "Siku hizi wangempa idara ya masoko."

Wietske alicheka. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho jioni ile.

Wakapanda kwenye vichochoro vinavyokwenda kanisani, lile la minara miwili. Mawe ya njia yalikuwa na utelezi wa barafu. Kulinukia moshi wa kuni na vitunguu vya kukaanga. Madirisha yote yalikuwa yanawaka, na Wietske akayatazama moja baada ya jingine, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu bila kukisoma.

Nyumba ya kwanza: mwanamume mezani, amewapa mgongo.

Nyumba ya pili: mwanamume mezani, amewapa mgongo. Sweta ya kijani.

Nyumba ya tatu...

Alisimama.

Sweta ya kijani, na kwenye kiwiko cha kushoto kiraka cha kahawia. Kiraka kile alikifahamu. Baukje alikishona mwenyewe, vibaya, na ofisi nzima ikamtania Harm kwa wiki mbili. Sweta ile ndiyo waliyomtoa nayo majini.

Wietske alisomea kemia chuo kikuu, na hakuwa mtu wa kuamini mizuka. Akajiambia: njaa hii. Hujala tangu saa sita. Akaendelea kutembea.

"Na nyinyi wa kaskazini mmebadilika," Ludo alisema nyuma yake. "Mlikuwa mnajigamba hamna cha kuficha. Leo mji mzima umefunga mapazia."

"Mapazia gani?"

"Haya. Yote haya."

Wietske aligeuka kumtazama akidhani ni utani. Ludo hakuwa anatania. Alikuwa anatembea katikati ya njia, mabega juu, mbali na kuta za pande zote mbili.

"Ludo, hakuna hata pazia moja lililofungwa."

Ludo aliinamisha kichwa, akaendelea kutembea.

Nyumba ya nne. Harm alikuwa amegeuka. Nywele zimelowa, zimemng'ang'ania kwenye paji la uso. Mbele yake kikombe cha kahawa na biskuti moja. Nyumba ya tano, alikuwa amesimama. Nyumba ya sita, alikuwa amelifikia dirisha. Harufu ya vitunguu ilikwisha. Badala yake ilikuja harufu ya tope la mto, na sufu iliyolowa.

Nyumba ya saba, Harm aliinua mkono akagonga kioo. Kwa ndani. Mara mbili, taratibu, kwa vifundo vya vidole.

Wietske hakusikia sauti yoyote.

Lakini Ludo aliruka kama aliyepigwa.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nini?"

"Wanagonga. Nyuma ya mapazia. Tangu kule chini wanagonga, kila nyumba tunayopita..." Alijaribu kucheka. "Niambie ni watoto."

Harm aligonga tena. Mara mbili.

Ludo aliziba masikio.

Hapo ndipo Wietske alipoelewa kwamba wao wawili wamegawiwa kitu kimoja: yeye amepewa macho, mwenzake masikio. Alitamani kukimbia, lakini hakuwa na nguvu. Mwaka mzima wa Jumapili ulikuwa umemkalia mabegani.

"Ludo. Mwaka jana ulikuwa na chumba kipi?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Cha chini. Cha barabarani."

"Niliwaambia polisi. Nililala saa nne, sikusikia kitu."

"Najua ulichowaambia polisi."

Ludo alijaribu kupita. Kichochoro kilikuwa chembamba, na kila hatua aliyopiga ilimsogeza karibu na dirisha jingine. Wietske aliona: kila alipokanyaga, mkono uliinuka nyuma ya kioo. Hatua mbili. Hatua tatu. Mwishowe magoti yakamshinda, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa watu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akijifunika kichwa kwa mikono.

"Waambie waache," alisema.

"Si wao, Ludo. Ni mtu mmoja."

"Usimtaje."

"Amevaa ile sweta."

Ludo alianza kulia, kilio kidogo cha puani, cha mtu aliyezoea kukibana.

Wietske alitoa simu. Vidole vilikuwa na ganzi, lakini namba ile vilikuwa vinaijua vyenyewe. Iliita mara moja tu.

"Wietske?" Sauti ya Baukje. "Leo si Jumapili."

"Najua. Ludo yuko hapa. Ana jambo la kukwambia."

Akaiweka simu mbele ya uso wa Ludo.

"Siwezi," Ludo alinong'ona.

"Binti yake anaamini baba yake aliwakimbia. Unaweza."

Wietske aliinua macho. Dirishani mkono wa Harm ulikuwa umeshuka. Alikuwa ameweka sikio kwenye kioo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Na katika nyumba iliyofuata, na iliyofuata, kichochoro kizima hadi chini mtoni, katika kila dirisha lililokuwa linawaka, kichwa kilekile kilicholowa kilikuwa kimeinamia kioo.

Kinasikiliza.

Ludo aliishika simu kwa mikono miwili.

"Baukje," alisema. "Ni mimi. Hakujitupa. Alikuwa amesahau namba ya siri ya kufungulia mlango, akaja dirishani kwangu, akagonga kioo mara mbili. Alikuwa anatetemeka, ananiita jina. Alitaka kuingia ndani tu. Na mimi nilikuwa nimechoka, Baukje... siku tatu nilikuwa namsikiliza yeye na huzuni zake. Nilimwona. Tulitazamana hivi, uso kwa uso. Nikafunga pazia."