Picha Ndani ya Msalaba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma pamba, Bibi Kwandu alisali rozari, kisha akausogeza msalaba wake kwenye jicho la kulia. La kushoto lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho. Katikati ya msalaba kulikuwa na kioo kama punje ya mchele, na ukichungulia humo uliona kanisa kubwa na watu wamepiga magoti.

"Bado ninaiona picha," alimwambia mjukuu wake, Milembe. "Jicho langu lipo."

Milembe alikuwa darasa la tano na alijiona mjuzi wa mambo. Aliamini kioo ndicho kilichoifanya picha iwe ndogo. Siku moja Bibi aliuacha msalaba nyumbani, akaenda Dutwa kuwauzia pamba wanunuzi wapya waliokuja na malori yao; Milembe akakibandua kioo kwa sindano. Nyuma yake aliona nukta nyeusi tu. Akadhani ni uchafu, akaikwangua kwa ukucha. Alipochungulia tena, kulikuwa na weupe mtupu. Akakirudisha kioo mahali pake, akanyamaza.

Kesho yake Bibi alichungulia, akafikicha jicho, akachungulia tena.

"Naona weupe," alisema taratibu. "Hata la kushoto lilianza kwa weupe."

Hakwenda shambani tena. Chakula kilimshinda, akawa analala mchana kutwa akiwa ameelekea ukutani. Milembe naye hakuwa na raha, lakini aliogopa kusema, asije akachapwa na baba yake.

Jioni moja Bibi alimwita. "Nishike mkono. Nataka kujifunza njia ya kisimani nikiwa nimefumba macho, kabla giza halijanikuta."

Wakaenda polepole. Karibu na ghala la ushirika, lililokuwa limefungwa, Bibi alijikwaa, akaanguka. Goti likachubuka, damu ikatoka. Hata hapo hakufumbua macho. Alipapasa tu chini, akiutafuta mkono wa mjukuu wake.

"Bibi, fumbua macho!" Milembe alilia. "Jicho lako ni zima. Ile nukta nyeusi nyuma ya kioo niliikwangua mimi, nikidhani ni uchafu!"

Bibi alifumbua jicho. Akaitazama njia, kisha uso wa mtoto.

"Ile nukta ndiyo ilikuwa kanisa," alisema. "Padre aliyenipa msalaba aliniambia kioo ndicho kinachoikuza. Naye alikwisha kufa, picha nyingine sitaipata."

"Nisamehe, Bibi."

"Picha nimekusamehe, uliiharibu bila kujua. Lakini uliniona ninajifunza upofu, na ulijua ninaona. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyohiyo. Ukinyamaza, mwingine ndiye anayeumia."

Milembe alinyoosha mkono amwinue. Bibi aliinuka mwenyewe, akakung'uta vumbi, akatangulia nyumbani.