Mgomba Uliochanua Ukitazama Juu

Asubuhi hiyo Yusta alikuwa barazani anachambua dagaa, kichwa huku, mwili huku, huku anamsema binti yake Catherine kwa kuchelewa kuamka, kama kila asubuhi. Ujiji ilikuwa na jua jema. Dagaa walitoka Mwamgongo, wakubwa, wakavu. Mjukuu wake Isaka, wa miaka mitatu, alikuwa anafukuza kuku. Hakuna aliyekuwa na habari ya lolote, na ndivyo mambo ya namna hii yanavyopenda kuanza.

"Mama," Catherine akaita kutoka uani. "Mgomba wa mtoto umetoa ua."

Kwa akina Yusta, mtoto akizaliwa kondo lake huzikwa chini ya mgomba. Mgomba huo haukatwi, na mkungu wake wa kwanza huliwa na ndugu wa mwenye kondo tu. Marehemu mama yake alikuwa na sharti jingine: usizike kondo chini ya mgomba ambao hujala ndizi za mgomba uliouzaa. Lakini Isaka alipozaliwa, uani kulikuwa kutupu na kondo linasubiri kwenye beseni. Yusta, anayegeuza nyanya mara nne kabla ya kuinunua, akachukua chipukizi kwa Telesphory, muuza miche wa mtaa wa Mwanga, bila kuuliza limechimbwa wapi.

Miaka yote mgomba huo ulikaa mwembamba, hauzidi kimo cha mtu, na Yusta aliusimanga kama mkwe mvivu. Sasa umechanua. Ua la mgomba wa watu huinama. Hili lilisimama wima, linatazama juu, na rangi yake ilikuwa ile ya ufizi.

Wiki hiyo hiyo akapita Elinipa, afisa kilimo, dada wa Kipare aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kukagua ugonjwa wa mnyauko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe uliyesoma, hiki nini?"

Elinipa akauzunguka mgomba, akatabasamu. "Majani yangekudanganya mpaka uzeeke, bibi."

"Nimeshazeeka."

"Basi ua ndilo limesema kweli. Huu ni mgomba wa mapambo. Ndizi zake zitakuwa za waridi, zina manyoya, ndani mbegu tupu. Zikiiva hujimenya zenyewe."

"Ndizi ijimenye, ina mikono?"

"Utaona. Hauna ubaya wowote. Ila jani hili linaoza." Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Akalichukua kabla Yusta hajamzuia, akalikata jani mara moja.

Ndani ya nyumba Isaka akapiga ukelele.

Walimkuta kitandani, mama yake ameketi pembeni anakunja nguo, hana kisu wala sindano. Bega la mtoto lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi kwapani, nyama inaonekana. Elinipa aliliweka panga chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Aliondoka bila kuandika neno kwenye karatasi zake.

Chane la kwanza lilitoa ndizi tano, fupi, za waridi, zenye manyoya. Ya kwanza ikaiva. Hakuna aliyeigusa. Ganda lilipasuka lenyewe, vipande vitatu vikajikunja nyuma, ndani kukabaki kitu cheupe chenye mbegu nyeusi. Jioni hiyo ngozi ya kidole gumba cha Isaka, mkono wa kulia, ikapasuka hivyo hivyo. Vipande vitatu. Vikajikunja nyuma.

Hospitali walitoa dawa ya kupaka na kuuliza nani kamchoma mtoto.

Ndizi ya pili ikafunguka. Kidole cha pili.

"Tuukate," Catherine akanong'ona.

"Jani moja limempasua bega. Shina litamfanyaje?"

Basi Yusta akafuata mila. Yeye ni bibi wa mtoto, ndugu halali. Akachuma ile ndizi ya kwanza, akaing'ata. Mbegu zikamvunja jino. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na damu ya kidole ikachuruzika hadi kiwikoni. Yusta akatema yote, jino na mbegu, na hapo akaelewa. Mkungu ulikuwa unamkataa. Mgomba ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa wa ukoo wake.

Asubuhi ndizi ya tatu ikaanza kupasuka. Zikiwa zimebaki mbili tu, Yusta akafunga panga ndani ya khanga, akaenda Mwanga.

Telesphory alikuwa ameketi kati ya miche yake anakunywa chai.

"Lile chipukizi ulichimba kwa nani?"

"Bibi, miaka mitatu sasa."

"Nimekuuliza kwa nani, sikukuuliza lini."

"Kidahwe. Kwa kaka yangu Castory. Alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja, akaja nalo nyumbani. Ni ua tu, bibi."

"Castory aliyevuka ziwa kwenda Kongo na mwanawe?"

"Huyo."

"Nawe ukakiuza kiwanja chake mwezi huo huo." Yusta akasogea karibu. "Mtoto aliitwa nani?"

Telesphory akaiweka chai chini. "Nehemia."

Ncha ya panga ikamgusa mbavuni kupitia khanga. "Hao ni damu yako," Yusta akasema polepole. "Utakuja kula."

Walipanda bajaji wamebanana, kama bibi na kijana wake. Mtu angedhani wanakwenda msibani.

Ilikuwa saa saba mchana. Kidole cha tatu cha Isaka kilikuwa wazi hadi mfupa. Catherine alimshika mtoto mlangoni, kitambaa kimelowa. Telesphory akapiga magoti chini ya mgomba na kuchuma ndizi.

Akala moja.

"Ina ladha gani?" Yusta akauliza.

"Chumvi."

Kilio cha Isaka kikapungua. Telesphory akala ya pili. Isaka akanyamaza. Akatia ya tatu mdomoni, akaacha kutafuna. Alikuwa anamtazama mtu aliyesimama kati yake na mgomba. Hapo hapakuwa na mtu.

"Ulikuwa umelala," akanong'ona.

Paji la uso wake likapasuka. Hakuna aliyemgusa. Ngozi ilifunguka na kujikunja nyuma kwa vipande vitatu. Akainua mikono kujikinga. Mikono ikapasuka. Bega. Shavu. Shingo. Kila pigo lilikuwa na sauti yake, ile ya panga kwenye shina bichi. Damu ilirukia nguo zilizoanikwa. Panga la Yusta lilikuwa bado limefungwa kwenye khanga.

"Castory hakuamka," Telesphory akasema, mdomo umejaa mbegu. "Mtoto ndiye aliyeamka. Akainua mkono."

Kisha mkono wake wa kulia ukaanguka chini, peke yake.

Alikufa akiwa amepiga magoti. Yusta hakulia. Alimwambia Catherine amwingize mtoto ndani na atoe nguo kambani kabla damu haijakauka.

Polisi walichukua lile panga, wakalirudisha baada ya wiki mbili. Halikuwa na hata tone. Kwa yale maneno ya mwisho ya Telesphory, walichimba Kidahwe, mahali migomba ya Castory ilipokuwa, wakawapata wote wawili, baba na mtoto, mmoja juu ya mwenzake. Mtoto hakuwa na mkono wa kulia. Walichekecha udongo siku mbili wakiutafuta. Yusta hakuwaambia kwamba chipukizi lile lilikuja Ujiji na donge lake la udongo, limefungwa kwenye gunia, na kwamba alilifukia lilivyo.

Isaka akapona. Ngozi mpya ikaota, safi. Catherine ndiye aliyeona kwanza, anamvisha shati: mkono wa kulia ulikuwa unakwama kwenye mkono wa shati. Wakapanga viganja vyake pamoja. Vidole vya kulia vilivizidi vya kushoto kwa pingili nzima.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mtoto alikuwa amekaa uani na kijiti. Hajawahi kushika kalamu. Yusta aliona mistari mavumbini, imenyooka, na yeye kusoma hajui, akamwita binti yake.

Catherine akaja, akainama juu ya mistari.

"Soma," Yusta akasema.

"Nehemia Castory. Darasa la kwanza."

Isaka alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, anakoroma. Mkono ulikuwa bado unaandika.