Nani Mwingine Ana Ufunguo?

Kila Jumatatu Nakhumicha alifungua bunda jipya la mitumba sokoni Uthiru. Alikung'uta shati, akalinusa, akalitundika. Mumewe, Isaiah, alikaa kando yake akishona viatu. Wakibishana, soko zima lilisikia. Wakicheka, soko zima lilicheka.

Mwaka wa 2008 vicheko vilipungua. Tajiri mmoja alidai kiwanja cha soko ni chake. Asubuhi moja watu wake walihamisha mawe ya mpaka. Isaiah aliwaona kwa macho yake. Wenzake sita waliona pia. Wakili wao, Bi. Debra, mwenye ofisi katikati ya jiji, alitaka maelezo ya kila shahidi kwa maandishi.

Kikundi cha soko kilimpa Nakhumicha kazi ya kuandika. Akaanza na Mama Njambi, muuza viazi. Karatasi ikapita mikono mingi. Siku mbili baadaye kibanda cha Mama Njambi kilivunjwa, viazi vikakanyagwa. Mama Njambi akajitoa katika kesi. Nani wa kumlaumu? Alikuwa na watoto.

"Tumebaki sita," Isaiah alisema. "Majina yakivuja tena, hakuna shahidi. Bila shahidi, hakuna soko."

Wiki hiyo hiyo alikuja Maxwell. Alivaa tai na viatu vyenye ncha kama sindano. Kikundi kilikutana naye katika ukumbi wa kanisa.

"Ninauza programu ya kompyuta," alisema. "Inaitwa Kufuli Kuu. Inavuruga maandishi yako yasisomeke. Bila neno lako la siri, hakuna binadamu atakayeyasoma. Hata majeshi hayawezi! Haivunjiki, asilimia mia moja!"

Akainua cheti. Kilikuwa na utepe mwekundu na mihuri miwili. Na sisi watu wa kawaida tumefukuzwa kwenye madirisha mengi ya ofisi kwa kukosa mhuri. Tukiuona, tunavua kofia.

"Huyu ni mtu kamili," Isaiah akanong'ona. "Ona mihuri!"

"Naona mihuri," Nakhumicha akajibu. "Bado sijaona programu."

Maxwell aliwaachia cheti, na diski waijaribu mpaka Jumamosi. Nakhumicha akaichukua pamoja na cheti, akaenda Kinoo kwa Muthama, fundi wa kompyuta. Alimkuta akitafuna mahindi.

"Sasa, Muthama."

"Poa, mama. Leta hiyo kitu niione." Akakisoma cheti. "Mihuri hii ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kwa hivyo kampuni imejipa cheti yenyewe. Na mimi nikijiandikia cheti kwamba nina sura nzuri, utaamini?"

Nakhumicha akamtazama vizuri. "Hapana."

"Asante kwa ukweli," Muthama akasema, akaweka gunzi chini. "Mtu akikuambia kitu chake hakivunjiki kamwe, shika mkoba wako. Fundi mwaminifu hukuambia kazi yake inafika wapi na inaishia wapi. Programu nzuri, watengenezaji huweka wazi jinsi inavyofanya kazi. Wataalamu wasiolipwa nao hujaribu kuivunja, kisha hutangaza walichokiona."

"Wakiweka wazi, si mwizi naye atajua?"

"Kila mwizi anajua kufuli inavyotengenezwa. Bila ufunguo wako bado atahangaika nje. Siri ni ufunguo, mama, si chuma."

"Na nitajuaje kama Maxwell amebaki na ufunguo?"

"Mwambie umesahau neno lako la siri. Kisha nyamaza, utazame."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nakhumicha alikaa mbele ya kompyuta ya kanisa. Akaandika barua fupi, akaifunga kwa Kufuli Kuu. Neno la siri hakumwambia mtu, hata Isaiah. Kisha akashika kichwa.

"Ole wangu! Nimesahau neno la siri."

Maxwell akatabasamu. "Usijali, mama. Hiyo ndiyo raha ya kampuni yetu."

Akapiga simu ofisini. Akasoma namba iliyotokea kwenye kompyuta. Ofisi ikampa namba nyingine. Akaiandika, barua ikafunguka. Watu wakapiga makofi. Isaiah alipiga kuliko wote.

"Isaiah, acha makofi," Nakhumicha akasema. "Nyumba yako imefunguliwa na wewe unashangilia?"

Isaiah akashusha mikono.

"Neno la siri ninalo mimi peke yangu," akaendelea. "Huyu bwana hakulihitaji. Ofisi yao imefungua barua yangu kwa simu moja. Leo amepiga kwa ajili yangu. Kesho tajiri akimwomba?"

"Mama, sisi ni watu waaminifu!"

"Sijakuita mwizi. Nimesema una ufunguo wa mlango wangu. Nirudishie."

Maxwell akalegeza tai. "Kwani umesoma mpaka wapi, hata unifundishe kompyuta?"

"Darasa la sita. Funguo tulifundishwa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" mtu akapaza sauti. Maxwell akachukua cheti chake mezani, akakikunja, akaenda.

Muthama akawaletea programu nyingine, ya bure, ambayo wataalamu wengi walikuwa wameikagua. Hakuisifu sana.

"Ukisahau neno la siri la hii," akaonya, "mimi siwezi kukusaidia. Aliyeitengeneza hawezi. Maandishi ndiyo yamekwisha."

"Hiyo ni mbaya!" Isaiah akasema.

"Hapana, baba," Nakhumicha akamjibu. "Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunatafuta."

"Na haikulindi kwa kila kitu," Muthama akaongeza. "Kompyuta za saiba, zile za kukodi kwa dakika, huenda zinanasa kila herufi unayobonyeza. Usiandike siri huko. Na neno la siri usilitume pamoja na barua."

Akaikagua kwanza kompyuta ya kanisa. Hapo Nakhumicha akaandika maelezo ya mashahidi sita na kuyafunga. Saiba alikwenda kutuma tu kile kilichokwisha kufungwa. Neno la siri, refu la maneno sita, alilibeba kichwani mpaka mjini, akamwambia Bi. Debra sikioni.

Wiki tano zikapita. Hakuna kibanda kilichoguswa.

Siku ya kesi, wakili wa tajiri alisimama kwa maringo. Alisema soko halina hata shahidi mmoja. Bi. Debra akaita jina la kwanza. Isaiah akasimama. Akaita la pili, la tatu, mpaka la sita. Tajiri aligeuka kuwatazama watu wake. Wote walitazama sakafu.

Amri ikatolewa: soko lisiguswe mpaka kesi imalizike.

Nje, mtu mmoja wa tajiri alimzuia Nakhumicha mlangoni. "Hawa watu mliwaficha wapi?"

"Hatukumficha mtu," alisema, akimsukuma kando kwa kiwiko. "Walikuwa sokoni kila siku, wakiuza. Wewe mwenyewe ulinunua soksi kwangu Jumanne."