Jicho la Lori Namba Kumi na Nne

Mimi ni fundi umeme wa magari, na haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata mume wa dada yangu, dereva wa malori ambaye wenzake walimbandika jina la Polepole. Walisema ukimtuma barafu anakuletea maji. Lakini miaka kumi na tisa barabarani, hakuwahi kugonga hata kuku.

Jumatatu moja asubuhi kampuni ilituletea vifaa vya kuzuia ajali, nikavifunga kwenye malori yote ishirini ya yadi yetu. Kila lori lilipata jicho la mbele, juu ya kioo. Likiona mtu njiani linalia, linamchorea kisanduku cha njano kwenye skrini, na dereva akichelewa linafunga breki lenyewe. Jicho la pili lilielekezwa ndani, kumchunga dereva asisinzie wala asibebe mtu. Msimamizi wa yadi akatangaza sheria mbili. Breki kumi za bure ndani ya mwezi, kazi huna. Abiria mmoja, kazi huna.

"Kifaa cha juzi kinatufundisha kazi!" madereva wakanung'unika. Shemeji peke yake alifurahi. Alikuwa na watoto watatu shuleni na hakutaka ajali wala maneno ya watu.

Kesho yake, akitoka getini na lori namba kumi na nne, kifaa kililia na lori likasimama ghafla. Mbele hapakuwa na mtu. Nilipanda nikaangalia skrini. Kisanduku cha njano kilikuwa kimechorwa juu ya lami tupu, kimo cha mtu aliyechuchumaa. Pembeni paliandikwa: mita tisa.

Nikasema ni vumbi, nikafuta kioo. Siku iliyofuata kililia palepale. Mita nane.

Malori mengine yalipita hapo kimya. Nikabadilisha vifaa: cha kumi na nne nikakifunga kwenye namba sita, cha namba sita nikamletea shemeji. Namba sita likapita salama. Kumi na nne likalia. Mita saba. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka, maana vifaa vyote viwili vilikuwa vizima.

Minong'ono ikaanza. Wapo waliosema hapa pana mkono wa mtu. Wapo waliodai shemeji mwenyewe ana lake, na lisemwalo lipo. Mimi nilikuwa namtazama msimamizi. Zamani yeye ndiye aliyeliendesha lori lile, kabla hajapanda cheo. Bampa lake la mbele lilikuwa jipya kuliko lori lenyewe. Na sikuwahi kumwona akipita mbele yake. Hata mvua ikimnyeshea, alizunguka kwa nyuma.

"Nipe lori jingine, mkuu," shemeji alimwomba siku ya sita.

"Hilo ni lako," msimamizi akajibu bila kuinua macho.

Siku ya tisa, mita moja. Breki ya tisa. Dada akanipigia simu huku analia. "Mdogo wangu, kesho kifaa kikilia tena tunakula nini? Fundi ni wewe. Fanya kitu."

Asubuhi ya siku ya kumi msimamizi alinikuta nimesimama kando ya lori, nimeshika bisibisi, sijui nifungue nini. Akasogea sikioni mwangu.

"Libandike utepe mweusi hilo jicho la mbele," alinong'ona. "Lisipoona halitalia. Sitasema."

Nilijua mtu yule hajawahi kumsaidia mtu. Nilijua kabisa. Nikabandika.

Lori likapita getini kimya. Shemeji akanipungia mkono. Nilishusha pumzi, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Dakika tano baadaye kompyuta ya ofisini ikalia. Taarifa ilitoka kwenye jicho la ndani la namba kumi na nne: abiria mmoja, hajafunga mkanda. Dakika moja ikapita, ikaingia ya pili: abiria amefunga mkanda. Nikafungua picha. Shemeji alikuwa peke yake, macho mbele, mikono imekakamaa kwenye usukani. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umevutwa, umefungwa, umekaza juu ya hewa.

Aliporudi mchana, msimamizi alikuwa na barua ya kumwachisha kazi mkononi. Akaivuka yadi kumpelekea. Alipita mbele ya lori. Taratibu, akipiga mluzi.

Niliumia sana. Mkono uliobandika utepe ule ulikuwa wangu. Nikamwambia shemeji nitampeleka nyumbani kwa kigari changu, nimwombe radhi njiani. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa nyuma.

"Shemeji, ulimbeba nani?"

Nikawasha gari. Taa nyekundu ya mkanda ikawaka, kengele ikaanza kulia. Wangu nilikuwa nimeufunga. Ilikuwa ya kiti cha pembeni yangu. Kitupu.

"Mwambie afunge," shemeji akanong'ona kutoka nyuma. "Akiambiwa mara ya pili ndiyo anasikia."

Nikamwambia. Kengele ikaendelea.

Nikamwambia tena. Nikasikia mkanda ukiingia kwenye kifungo chake. Taa ikazimika.