Mlango wa Manowari

Usinikenulie meno. Wewe ndiye uliyeuliza kwa nini chumba cha nyuma hakifunguliwi. Sasa sikiliza, au nenda ukachekee kwenu.

Mdogo wangu, tuliyemwita Koleo, alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye manowari, korveti, meli ndogo yenye mbio. Aliyeichora aliigawa vyumba vyumba, kila kimoja na mlango wa chuma wenye makomeo. Moto ukishika, chumba kinafungwa, hata kama kuna watu. Chumba kinakufa, meli inapona. Siku chumba cha mashine kilipowaka, Koleo aliamriwa afunge, akafunga. Wenzake waligonga mpaka wakanyamaza.

Meli ikatengenezwa, ikatumika miaka mingi, ikazeeka, ikakatwa chuma chakavu. Koleo akaja na mlango ule ule wa chumba cha mashine, akaupachika chumbani kwake, hicho cha nyuma.

"Chuma hakiliwi na mchwa, dada," akaniambia, akanionyesha makomeo yanavyokazwa.

Ikaanza harufu ya oili iliyoungua, kabla jiko halijawashwa. Wifi, mkewe Koleo, akasema nimeunguza sufuria. Kisha mlango ukawa na joto. Koleo akawa anaugusa kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuingia, kama walivyofundishwa melini.

Tukamwita mganga. Aliugusa, akatafuta viatu vyake.

"Hili jini halina shida na mlango," alinong'ona. "Linamtaka aliyeufunga. Likimkosa, litamchukua yeyote."

Mchana mmoja nilikuwa chumbani humo na wifi, mjamzito, tukikunja mashuka, Koleo ameketi kitandani, mlango wazi. Kugonga kukaanza ndani ya chuma chenyewe, polepole, kisha kwa viganja vingi vinavyosukumana, na rangi ikavimba malengelenge, na moshi tusiouona ukatukaba koo, na sauti ikasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekaribisha mgeni, "Koleo, ndugu yetu, safari hii baki ndani."

Wifi alishika tumbo. Koleo akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, kama anayeingia zamu.

"Dada, mtoe. Kisha funga."

"Na wewe?"

"Chumba kinakufa, nyumba inapona. Na usinirudishie maneno, kuna joto humu."

Wifi alipiga kelele, akaning'ata mkono. Sikusikia maumivu. Sikusikia chochote. Nikamvuta mpaka nje, nikaufunga mlango, nikakaza komeo moja moja, kama alivyonionyesha.