Karai la Mama Wathome

Mwongeli anaishi mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, chumba kimoja na choo cha kutumia pamoja na majirani. Watu humwita Mama Wathome, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wathome alifariki mwaka juzi kabla hajatembea. Jina limebaki kwa mama, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha.

Asubuhi moja alikuwa akifua nepi za Wanza, bintiye wa miezi tisa. Mtoto alikuwa akiharisha tangu jana. Mwongeli alimwaga maji, akasuuza karai kidogo, akaoshea mboga ya sukuma wiki humo humo. Maji ya mfereji huja yakipenda, kwa hiyo mtu huyabania. Tena wengi mtaani huamini kuwa kinyesi cha mtoto mchanga si uchafu. Ni uongo, na uongo huo unazika watoto.

Mama mkwe wake, Nthoki, alisema ni meno yanatoka, na dawa ni kumkausha mtoto. Akakataza maji, akakataza hata titi.

"Mtungi unaovuja haujazwi," alisema.

Mwongeli alitii. Hata Wathome alipoharisha, walimfanyia vivyo hivyo.

Mchana Wanza alilia bila machozi. Macho yalikuwa yamezama. Kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Akambeba mbio hadi ghorofa ya chini kwa jirani yake Selpher, mhudumu wa afya ya jamii.

Selpher alifinya ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachia. Ilirudi polepole sana. Alinawa mikono kwa sabuni, akachanganya pakiti ya ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Akaanza kumnywesha kwa kijiko.

"Bado anameza," alisema. "Mama Wathome, twende kliniki saa hii. Nitamnywesha tukienda, na wewe umnyonyeshe."

Nthoki, aliyekuwa amewafuata, aliuliza kama maji hayatazidisha kuhara.

"Mama, meno hayaleti kuhara. Uchafu ndio unaleta. Mtoto akiharisha, maji ya mwili yanaisha, na yakiisha anakufa. Huo mtungi wako ukiacha kuujaza, si utakauka?"

Kliniki walimtundikia dripu. Walimpa pia vidonge vya zinki, wakasema avimalize vyote hata kuhara kukikoma. Wakisubiri, Selpher alieleza mengine. Karai la nepi liwe la nepi tu. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Maji ya kunywa yachemshwe. Anayeharisha aendelee kunyonya na kula, lakini akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Jioni Wanza alilia, na machozi yakatoka. Mwongeli aliyafuta kwa kidole.

"Na Wathome, dada? Naye alitaka maji tu?"

Selpher angeweza kudanganya.

"Nafikiri hivyo," alisema.

"Alikuwa akikitazama kikombe," Mwongeli alisema. Nthoki, aliyekuwa amekaa kando yao, alijifunika uso kwa leso.

Siku hizi kwao kuna makarai mawili, na Nthoki ndiye mlinzi wake, mkali kweli. Akisikia mtoto wa jirani anaharisha, yeye ndiye wa kwanza kugonga mlango na kuuliza kama amekunywa.

Wanza alianza kutembea mwezi uliopita. Watu bado humwita mama yake Mama Wathome, naye huitika.